Swali Linaloweza Kukuumbua

Hotuba kwa wanafunzi wanaoanza kazi yao ya kwanza ya utafiti

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliopata nafasi ya kufika, na ninyi vijana ambao ndio hasa niliowafuata hapa leo, nawasalimu.

Nimekuja na karatasi mbili tu. Hii ya kwanza ni yangu, niliiandika nikiwa na umri kama wenu. Ni ukurasa wa mwisho wa kazi iliyoitwa "Historia ya Uandishi Duniani", kurasa 22 kwa jumla. Nilianza na Wasumeri na vibao vyao vya udongo, nikakatiza Misri, nikachungulia China, nikamdandia Gutenberg na mtambo wake wa kuchapa, nikashukia kwenye kompyuta. Miaka elfu tano kwa wiki tatu! Mwalimu wangu hakusahihisha hata koma. Aliandika mstari mmoja kwa wino mwekundu, huu hapa: "Umeniambia nini ambacho kamusi elezo isingeniambia?" Alama aliyonipa sitaitaja. Wanangu wamekaa mstari wa tatu.

Karatasi ya pili ni ya mwanafunzi niliyemsimamia miaka michache iliyopita. Amenikubalia niionyeshe, mradi nisimtaje jina. Mnaona ilivyochakaa. Ina sentensi tano, na nne kati yake zimekatwa. Naomba niwasomee zote, maana ndani ya karatasi hii mna karibu kila kitu nilichokuja kusema.

Ya kwanza ni neno moja: "Maktaba." Hiyo ni mada. Mada ni kama bahari, unaweza kuitazama siku nzima usijue uanzie wapi kuogelea. Nikamwambia, haya, kuhusu maktaba unataka kujua nini? Akaandika ya pili: "Umuhimu wa maktaba kwa wanafunzi." Hapo wengi wenu mngeridhika, na najua, kwa sababu nimesahihisha "Umuhimu wa" na "Athari za" nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Tatizo la "umuhimu wa" ni kwamba jibu linajulikana kabla hujafungua kitabu. Kuna mtu atakayefanya utafiti wa wiki sita aje atuambie maktaba haina umuhimu?

Sentensi ya tatu: "Kwa nini wanafunzi hawasomi vitabu?" Hii inafanana na swali, ina hata alama ya kuuliza, lakini imemeza jibu. Nani amesema hawasomi? Nilipomuuliza hivyo alikasirika kidogo, akaenda, akarudi kesho yake na ya nne: "Ni vitabu gani vinaazimwa zaidi katika maktaba yetu?" Hapo tukaanza kuelewana. Kuna kitu cha kuhesabu, na mahali pa kuhesabia pako hatua chache kutoka darasani. Ila ukishapata orodha ya vitabu kumi vinavyoongoza, utasema nini baada ya hapo? Orodha inakupa matokeo, haikupi hoja.

Ya tano, ambayo haikukatwa, inasema hivi: "Je, vitabu vilivyo kwenye rafu iliyo usawa wa macho huazimwa mara nyingi kuliko vilivyo kwenye rafu ya chini kabisa?"

Isikilizeni tena taratibu. Ni swali dogo, dogo hata la kuchekesha. Wenzake walimcheka kweli. Wao walikuwa wanaandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi na amani ya dunia, yeye anahesabu rafu. Lakini lina mambo ambayo yale makubwa hayakuwa nayo. Unajua utazame wapi, unajua uhesabu nini. Na zaidi ya yote, linaweza kukujibu "hapana". Aliyeliuliza anaamini kwamba mtu huchukua kitabu kilicho mbele ya macho yake, hiyo ndiyo dhana tete yake, yaani jibu analolikisia kabla ya kupima. Ila vitabu vyenyewe vina uhuru wa kumpinga. Kazi ikianza na swali la namna hiyo, hata mtafiti mwenyewe hajui itaishia wapi, na msomaji hulihisi hilo tangu ukurasa wa kwanza.

Ninalotaka mwondoke nalo ni hili: tafuteni swali linaloweza kuwaumbua. Kama hakuna jibu lolote duniani litakalokufanya useme "kumbe nilikosea", bado una mada mikononi, hujapata swali.

Naomba niwapeleke London, mwaka 1854, kwa mtu aliyekuwa na swali la aina hiyo. Daktari John Snow alikuwa amechapisha tangu mwaka 1849 wazo kwamba kipindupindu husambazwa na maji machafu. Madaktari wengi wa zama zake waliamini chanzo ni hewa mbaya inayotoka kwenye uchafu. Mwisho wa Agosti 1854 ugonjwa ukalipuka katika mtaa wa Soho, na kwa siku kama kumi ukaua watu zaidi ya 500 ndani ya eneo dogo kabisa. Snow angeweza kuketi akaandika "Athari za Maji Machafu kwa Binadamu". Badala yake alikwenda kwenye ofisi ya usajili, akachukua orodha ya waliokufa, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine akiuliza: marehemu alikuwa akinywa maji ya pampu ipi?

Vifo vingi vilikuwa karibu na pampu ya Broad Street. Mwanafunzi mvivu angesimama hapo, akaandika hitimisho, akaenda kulala. Snow alifanya kitu ambacho natamani kila mmoja wenu akifanye, aliwafuata wale waliokuwa wanamharibia jibu. Katika orodha yake walikuwemo marehemu kumi ambao nyumba zao zilikuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Kwa nini hao wamekufa? Familia tano zikamwambia kwamba siku zote walituma watu kuchota Broad Street. Watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule iliyo jirani na pampu hiyo. Wawili waliobaki hakuwalazimisha kuingia kwenye jibu lake.

Kisha akageukia upande wa pili, kwa watu waliopaswa kufa na hawakufa. Kulikuwa na nyumba ya maskini karibu kabisa na pampu, yenye wakazi 535, waliokufa wakawa watano tu. Akakuta ina kisima chake. Kulikuwa na kiwanda cha bia palepale mtaani, wafanyakazi zaidi ya 70, na kipindupindu hakikumwua hata mmoja. Mwenye kiwanda akamweleza kwamba watu wake hupewa bia, na ana hakika hawachoti kabisa maji ya pampu ile. Halafu kuna mjane aliyekufa Hampstead, mbali na Soho, mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Ikagundulika kwamba aliwahi kuishi Broad Street, akayapenda maji yake, na kila siku aliletewa chupa. Mjane huyo peke yake ana nguvu kuliko mamia ya waliokufa mtaani, kwa sababu hewa ya Soho haikumfikia, ila maji yake yalimfikia.

Watu wengi wakisikia habari hii hukumbuka ramani ya vifo aliyoichora Snow, ile maarufu yenye vistari vyeusi. Ramani ilikuja baadaye. Kilichoanza ni miguu na swali.

Na bado kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakukubaliana na Snow. Aliwajua wale watu kwa majina, akaamua kufanya uchunguzi wake mwenyewe ili kuonyesha kwamba daktari amekosea. Akauliza, akarudi, akauliza tena, mpaka ushahidi alioukusanya mwenyewe ukamgeuza. Ndiye aliyefuatilia hadi kwa mtoto mchanga aliyeugua katika nyumba iliyopakana na pampu, ambaye maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa kwenye shimo la maji taka lililovuja kuelekea kisimani. Mtu aliyetafuta kumpinga Snow ndiye aliyempa kipande kilichokosekana. Swali la Whitehead lilimuumbua, akakubali kuumbuka.

Sasa turudi kwetu, maana nyie hamna kipindupindu, mna tarehe ya kukabidhi kazi.

Kuhusu mpango sitasema mengi. Chukua kalenda, anza kuhesabu kutoka siku ya mwisho kurudi nyuma. Siku mbili za mwisho usiguse chochote isipokuwa kusoma kazi nzima kwa sauti na kurekebisha makosa, kwa sababu mashine ya kuchapa huwa inajua siku unayoihitaji, na siku hiyo ndiyo inayoharibika. Wiki inayotangulia ni ya rasimu. Nyuma yake, uchambuzi. Nyuma yake, kukusanya data. Wiki ya kwanza yote ni ya kusoma na kupigana na swali, na ukiona siku tano zimeisha hujaandika hata aya moja ya kazi, usitishike, hapo ndipo kazi inapofanyika. Kila hatua ipe muda mara moja na nusu ya unaoudhania. Mwanafunzi wangu wa rafu alidhani atahesabu mihuri ya vitabu 90 kwa alasiri moja. Ilimchukua nne.

Alifanyaje? Nyuma ya kila kitabu cha maktaba ile kuna karatasi inayopigwa muhuri wa tarehe kila kitabu kinapoazimwa. Alichukua vitabu 30 kutoka rafu ya juu, 30 ya usawa wa macho, 30 ya chini, akahesabu mihuri ya mwaka mmoja uliopita. Hakuchagua vitabu anavyovipenda: alichukua kila kitabu cha tano kutoka kushoto, na akaiandika kanuni hiyo kabla hajaanza. Hiyo ndiyo sampuli, vijana. Neno linatisha, jambo lenyewe ni kutojipendelea tu.

Wenye mpango wa kutumia hojaji au mahojiano, nina neno moja kwenu. Ukimuuliza mtu "Je, huoni kwamba simu zinaharibu masomo?" umeshamwekea jibu mdomoni. Muulize jana alishika simu mara ngapi kabla ya kulala. Na omba ridhaa yake kwanza, umweleze majibu yatatumikaje, jina lake liache nje.

Sasa vyanzo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri huanguka.

Mmewahi kusikia kisa cha spinachi, ile mboga ya majani, na nukta ya desimali? Kinasema hivi: katika karne ya 19 mwanasayansi alipima madini ya chuma kwenye spinachi, akakosea kuweka nukta, chuma kikaonekana mara kumi ya kilivyo, na dunia nzima ikadanganyika kwa miongo mingi. Kisa kitamu. Mwaka 1981 kilitajwa katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, na daktari Terence Hamblin, na baada ya hapo kikanukuliwa huku na huko kama funzo la kuhakiki vyanzo. Mwaka 2010 mtaalamu wa masuala ya uhalifu, Mike Sutton, akaamua kukifuata kisa chenyewe kurudi nyuma, chanzo hadi chanzo. Hakuikuta ile nukta iliyokosewa. Mnaona uchungu wake? Watu waliokuwa wanahubiri kuhusu kuhakiki vyanzo, wao wenyewe hawakuhakiki.

Kwa hiyo, ukisoma mahali kwamba "utafiti umeonyesha", usiandike "utafiti umeonyesha". Uliza utafiti upi, kisha uutafute wenyewe. Kamusi elezo na Wikipedia ni mahali pazuri pa kuanzia. Mimi naanzia huko bila aibu. Teremka chini ya ukurasa kwenye marejeo, ondoka huko na majina ya vitabu na makala, halafu nenda kavisome hivyo. Ukirudi kwangu na kazi iliyoishia Wikipedia, ni kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na picha ya soko.

Na najua kuna kitu mnasubiri nikitaje. Akili mnemba. Sitawapigia kelele. Mnaweza kuiomba iwapinge, iwatafutie udhaifu katika hoja, iwaeleze neno lililowashinda. Lakini haijui tofauti kati ya kitabu kilichopo na kitabu kinachosikika kama kipo. Mwaka 2023, mjini New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hati iliyotaja kesi za zamani zenye majina, tarehe na dondoo. Kesi hizo hazikuwahi kutokea: zilitungwa na ChatGPT, na wao hawakuzifungua kuzisoma. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao ni watu wenye shahada za sheria. Mimi kazi yenu nikiipokea, huwa nachagua marejeo matatu bila mpangilio na kuyatafuta. Kitabu kisipopatikana, tunaanza mazungumzo marefu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtafiti mali yake ni alichosoma. Tazameni hii, ni kadi ya yule mwanafunzi wangu, ameniazima pamoja na karatasi. Juu kushoto: mwandishi, kitabu, mwaka, ukurasa. Vimeandikwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana ukisema utavijaza baadaye, usiku wa mwisho utajikuta unafungua vitabu kumi na vinne kutafuta sentensi moja. Katikati, kwa wino wa bluu, ni alichosema mwandishi kwa muhtasari: kwamba vitabu vikubwa huwekwa rafu za chini kwa sababu ya uzito. Chini yake, kwa penseli, ni mawazo yake mwenyewe: "Sijui kama inahusu kwetu. Kuuliza?" Bluu ni ya mwandishi, penseli ni yake. Maneno yaliyonakiliwa neno kwa neno anayawekea alama za nukuu palepale kwenye kadi. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya wizi wa kitaaluma, kwa sababu nusu ya wizi ninaoukuta si wa makusudi: mtu alinakili sentensi mwezi uliopita, leo anaisoma kwenye daftari lake na kuamini ni yake.

Nusu nyingine, tuseme ukweli, ni ya makusudi, ila imevishwa nguo. Chukueni sentensi ninayoitunga sasa hivi: "Mwanafunzi anayelala saa chache hushindwa kukumbuka alichosoma jana yake." Kuna atakayeandika: "Mwanafunzi ambaye analala muda mfupi hukosa kukumbuka alichojifunza siku iliyotangulia." Amebadilisha maneno katika sehemu tano, kiunzi ni kilekile. Funga kitabu. Mweleze mwenzako ulichoelewa. Pengine utasema: "Kumbe sehemu ya kusoma hufanyika kitandani, ukikatisha usingizi, somo halikai." Hayo sasa ni maneno yako. Wazo bado ni la mwandishi, kwa hiyo jina lake, mwaka na ukurasa lazima viwepo. Kuhusu mitindo ya marejeo, APA, MLA, Chicago na ndugu zake, walimu wenu watawaambia upi unatumika. Shikeni mmoja msiuchanganye na mwingine. Lengo la yote ni lilelile, msomaji aweze kufika kwenye ukurasa uleule uliousimamia wewe.

Sasa kuandika. Utangulizi ndio unaosomwa kwanza, na kwa sababu hiyo watu huanza kuuandika kwanza, wanakaa siku nne mbele ya "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa". Naomba, naomba kwa hisani yenu, msiniletee "tangu enzi na enzi". Anza na sehemu ya mbinu. Ulifanya nini? Ulichukua vitabu 90, kila cha tano kutoka kushoto. Andika hivyo. Hakuna anayeshindwa kueleza alichofanya kwa mikono yake, na ukishaandika kurasa mbili kalamu imepata moto. Fuatisha matokeo: ulichokiona, bila kukitolea maelezo. Kisha mjadala, hapo ndipo unapoeleza maana yake. Utangulizi uje baadaye, ukiwa unajua unamtambulisha nani. Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi nzima, iwe ya mwisho kabisa, ingawa inakaa juu.

Chungeni vitenzi. "Inathibitisha", "inaonyesha", "inadokeza": haya si maneno ya kupokezana ili insha isichoshe. Kila moja lina uzito wake. Vitabu 90 vya maktaba moja haviwezi kuthibitisha chochote kuhusu maktaba zote. Vinaweza kudokeza, na kudokeza si aibu. Mwanafunzi anayeandika "matokeo haya yanadokeza" namwamini kuliko anayeandika "hivyo basi imethibitika pasi na shaka". Shaka ipo! Iache ionekane.

Na nyani haoni kundule, kwa hiyo rasimu ikikamilika usiisome kama ulivyoizoea. Soma sentensi ya kwanza ya kila aya tu, moja baada ya nyingine, uruke zilizobaki. Zikikupa hadithi inayokwenda, mifupa iko sawa. Ukikuta mbili zinasema kitu kimoja, unganisha. Ukikuta moja haijui imefikaje pale, iondoe, hata kama ndiyo sentensi nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika. Mimi nina faili zima la sentensi nzuri zisizo na makazi.

Nilianza na karatasi, nimalizie habari yake. Yule mwanafunzi alipojumlisha mihuri, jibu lilikuwa kama alivyotarajia: rafu ya usawa wa macho iliiacha ya chini mbali sana. Alifurahi, akaandika rasimu kwa siku mbili. Nikamuuliza swali moja: kuna kitu gani kingine kinachotofautisha vitabu vya chini na vya juu, mbali na mahali vilipo? Hakuwa na jibu. Akarudi nyumbani akapekua kadi zake, akaikuta hii. Vitabu vikubwa huwekwa chini kwa sababu ya uzito. Na pale chini kwa penseli, "Kuuliza?" Alikuwa amejiuliza mwenyewe wiki tatu kabla, akasahau, kadi ikamkumbusha.

Kesho yake alikwenda maktabani na rula. Kweli, rafu ya chini ilikuwa imejaa vitabu vya kubebwa kwa mikono miwili. Nani ataazima kitabu kama hicho akakizungushe kwenye mkoba siku nzima? Akaviondoa vyote kwenye hesabu, akalinganisha vya ukubwa mmoja tu. Rafu ya chini akabakiwa na vitabu 11. Pengo lake, lile kubwa la kujivunia, likasinyaa mpaka karibu halionekani.

Alikuja ofisini kwangu macho mekundu, akasema, "Mwalimu, kazi yangu imekufa." Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikamwambia akae, anieleze tena kilichotokea tangu mwanzo, kana kwamba mimi sijui lolote. Akanieleza. Alipofika kwenye rula nikamwambia: andika hivyo hivyo ulivyosema.

Kazi aliyokabidhi ina sehemu mbili za matokeo. Ya kwanza inatoa hesabu ya vitabu 90. Ya pili inaanza na sentensi hii: "Baada ya kupima vitabu, niligundua kwamba hesabu iliyotangulia ilikuwa inalinganisha pia uzito." Kisha anasema vitabu 11 ni vichache mno kutoa uamuzi, na anaeleza mtu mwingine angefanyaje vizuri zaidi: abadilishane vitabu vya ukubwa mmoja kati ya rafu ya chini na ya kati, aviache muhula mzima, ndipo ahesabu. Nimesoma kazi nyingi. Ukurasa ule wa rula ndio ninaowasomea walimu wapya.

Mlipoingia kila mmoja alipewa karatasi tupu. Chukueni kalamu. Upande wa mbele andika swali lako, si mada. Geuza. Upande wa nyuma andika jibu ambalo likitokea litakukera, lile litakalokufanya uje ofisini macho mekundu. Kisha andika utahesabu, utapima au utasoma nini ili ulijue. Msioneshane kwanza. Nawapa dakika kumi, na mwalimu mkuu, nimekuletea na wewe karatasi yako.